Saa ya kupanda niliyowaambia wazungu

Siku ya ine. Asubui mawingu ilifunika mulima yote, na miye roho ilikuwa inacheka tu bila sababu. Sasa ni mangaribi, haicheke tena.

Kitabu yangu, weye nitakuambia kweli, juu wengine wote nimeshawadanganya na bongo.

Bwana yangu Papa Bahati njo anachunga bariere, ule muti wa kufunga barabara, hapa chini, kwa mwanzo wa barabara ya kupanda Masisi. Barabara iko nyembamba, motokari mbili haziwezi kupitana. Asubui ni wenye kupanda, nyuma ya saa sita wenye kushuka. Wa hapa anapiga ngoma, mwenzake wa juu anajibu, njo unainua ule muti. Leo jino ilimuliza Papa Bahati sawa mutoto, akaenda Sake kwa munganga, akaniachia kazi. Akasema: "Mama Bahati, chunga muti, usichunge watu."

Ananijua.

Saa tatu hivi, motokari ndogo ya kijani inafika. Muzungu na bibi yake. Volan, ule usukani, iko upande ya kuume! Pale shofere wetu anakalisha muntu, huyu njo anaendeshea. Anasema wametoka Uganda, wako watalii, wanatembea kuona milima.

Sawa. Lakini mwenye kutaka kuona mulima anauliza mulima. Huyu aliuliza: tufuate upande gani? Kamio za mizigo zinashuka saa gani? Ziko ngapi? Daraja iko na nguvu? Kila jibu anaandika mu kitabu kadogo. Bibi yake akanipa biskuti. Nilikula, lakini jicho yangu iko paka mu ile kitabu.

Nikasema mu roho: huyu haiko mutalii. Tangu dipanda, tangu tulipata uhuru, tumeona watu wa kila namuna wanakuya kuandika barabara yetu, na nyuma yao bunduki.

Kwiyo nikamudanganya.

Nikasema asubui ni ya kushuka, kupanda ni nyuma ya saa sita. Nilijua Papa Bahati atarudi mbele ya saa ile, yeye njo atawauliza karatasi zao. Muzungu akasema aksanti mama, akaandika. Wakakaa kando ya motokari, wakakula ndizi zangu.

Miye huyo, mbio kwa Mama Riziki, jirani yetu, ngambo ya shamba ya maharagi.

"Weye, niko na maespion kwa bariere, wanapeleleza barabara!"

"Wako na bunduki?"

"Wako na kalamu!"

"Yesu! Hiyo njo mbaya zaidi!"

Tukakaa. Ile masemi ilikuwa tamu, sitakuficha. Jua ikapita kichwani, Papa Bahati hajarudi, na miye sikuona saa.

Ngoma ya juu ikalia. Kamio inashuka, saa yake njo hii, haikungojea jibu. Niliisikia na kinywa yangu bado inasema. Kisha nikasikia motori ingine, huku chini.

Inapanda.

Wazungu walingojea saa niliyowapa, wakaniita, hakuna muntu, wakainua muti wao wenyewe. Na kamio ya siku ya ine anaiendesha Musafiri, ndugu yangu, tumbo moja. Juu ya mizigo, watu wa soko wamejaa.

Nilikimbia, na huu mwili yangu unaujua. Kwa kona ya tatu nikawakuta. Muzungu, kwa kushituka, alifuata kushoto sawa kwao, na kushoto pale njo ukuta ya mulima. Musafiri naye alifuata kuume yake, ukuta ule ule. Kwa kukwepa, motokari ya kijani ilienda upande ya bonde, gurudumu ya nyuma ikabaki inazunguka mu hewa. Bibi iko ndani, anaogopa hata kupumua.

Wanaume wa kamio walishuka, wakashika ile motokari kwa mikono, wakaiinua sawa gunia ya viazi, wakaiweka kwa ukuta. Hakuna mwenye aliumia. Hata mumoja.

Musafiri akapanda hasira: "Papa, haukuambiwa saa?" Muzungu akafungua kitabu yake, akasoma mbele ya watu wote: asubui kushuka, nyuma ya saa sita kupanda, ni mama wa bariere alisema.

Wote wakaniangalia.

"Dada, ni weye?"

Nikajibu jino ilikuwa inaniuma.

Muzungu hakunitukana. Alisema kwao wanaendesha kushoto, njo aliuliza sana, aliogopa kuua muntu mu inchi ya wenyewe. Na hata sasa niko na mashaka naye kidogo. Muntu wa namuna gani hakasirike?

Wazungu wanalala kwa mwalimu wa kijiji. Papa Bahati alirudi, shavu imevimba, hajue kitu. Lakini masemi yangu imeshapanda mulima mbele yao: kwa Mama Riziki wanasema maespion walitaka kuangusha kamio, wanataka kuita askari. Na chef ya barabara, mukubwa wa Papa Bahati, ametuma neno, anamutafuta mwenye aliacha bariere bila muntu. Nikinyamaza, watafunga wale wazungu ao watafukuza bwana yangu.

Mara tatu nimekaa mbele ya Papa Bahati na maji ya chumvi ya jino yake, nimefungua kinywa. Miye, mwenye kusema ya kila nyumba hapa. Kila mara ninamuongezea chumvi tu.

Akimaliza kusukutua, nitamuambia. Asubui, mbele ya motokari ya kwanza, nitaenda kwa chef kusema ni miye.

Ya wengine najua kuianza. Hii yangu, nitaianza na neno gani?