Fundo la Tatu

Machi 4

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na mashine yako ya kushonea bado inanguruma. Mimi sijambo, ila miguu inauma kwa kusimama. Chumba cha kufulia hapa hospitali kina joto siku zote, na mashuka ya wagonjwa hayana mapumziko. Simu yako haipokelewi, ndiyo maana naandika kama zamani.

Mama, nina mambo mawili. La kwanza ni la furaha. Miaka sita hujaniona, na ukinikuta njiani utanipita. Kujinyima na kwenda kazini kwa miguu kumenipunguza hadi nguo zote ulizonishonea nimezifunga kwenye furushi. Lakini nyama imeondoka, ngozi imebaki. Hapa kati ya kwapa na kiwiko inaning'inia, mkono wa kulia na wa kushoto. Nikiinua shuka kulianika, inayumba. Wenzangu wote hukunja mikono ya sare kwa sababu ya mvuke. Mimi nafunga vifungo hadi kwenye kifundo cha mkono, jasho linanichuruzika.

Daktari amekubali kunipasua. Anaikata ngozi iliyozidi, kisha anashona. Ni tarehe ishirini Aprili. La pili ndilo hili: baada ya hapo sitainua mikono kwa wiki tatu. Sitaweza kuchana nywele wala kuvaa mwenyewe. Njoo, mama. Nauli nitatuma. Sitaki kuvishwa na mtu mwingine.

Ni mimi, kitindamimba wako.


Machi 19

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mimi mzima, majirani wazima, hata paka wa mwenye duka la dawa mzima, na bado anakuja kulala juu ya vitambaa vya watu. Simu nimeiacha, ina maandishi ya kuchosha macho. Na usishangae mwandiko huu. Ni huyo jirani wa duka la dawa anayeandika, mimi nasema huku mguu uko kwenye mashine. Yeye ana muda, mimi sina.

Habari ya mikono yako nimeisikia. Yangu nayo imelegea. Nikimpungia mtu, mimi naacha, yenyewe inaendelea. Sikukatazi, umeshakuwa mtu mzima. Ila nimekata vitambaa miaka thelathini na minane, na mkasi bado unanitia hofu kila ninapoufungua.

Kuja siwezi. Shule zinafunguliwa, sare za watoto zimenifika dirishani. Mwombe mwenzako wa kazini akuvishe.

Ukipona nitumie uzi wako mpya wa vipimo. Ule wa zamani bado uko msumarini pamoja na nyuzi za wateja, maana futikamba sijaiamini hadi leo. Hujasahau mafundo: la kwanza bega, la pili urefu wa mkono, la tatu unene wa mkono juu ya kiwiko, halafu kifua na kiuno. Nitakushonea gauni.

Mama yako.


Aprili 2

Mama,

Shikamoo. Natumai hujambo. Mimi mzima wa mwili.

Umenikatalia kwa ajili ya sare. Sawa. Basi acha niseme nililolimeza miaka ishirini na moja. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Ulikuwa unanipima dukani, na wateja watatu wamekaa kwenye benchi. Ulipofika kwenye fundo la tatu ukacheka, ukawaonyesha uzi, ukasema, "Huyu mikono ndiyo inayomaliza kitambaa. Nikishaishona hiyo, mwilini atavaa nini?" Wakacheka hadi mmoja akafuta machozi. Na mimi nilicheka. Ningefanya nini?

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeniona juu ya kiwiko. Hata mwanamume niliyeishi naye miaka minne hakuwahi kuiona mikono yangu kwenye mwanga. Sisemi ili uumie. Nilitaka uje uione mara ya mwisho ilivyo, kisha uwe wa kwanza kuiona ilivyobadilika. Nilikutaka wewe, mama.

Zimebaki siku kumi na nane. Ukibadili mawazo, nijulishe.

Kitindamimba wako.


Aprili 13

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako imesomwa yote.

Sikumbuki kusema hivyo. Lakini mdomo wangu naujua, haujawahi kuwa na breki. Ikiwa wewe unakumbuka, basi nilisema. Nisamehe.

Kuja bado siwezi. Usiniulize tena sababu.

Mama yako.


Juni 3

Mama,

Shikamoo. Natumai hujambo na kazi inaendelea.

Upasuaji umeshafanyika. Mshono wa kushoto ulifunguka kidogo karibu na kwapa, nikarudishwa wodini siku nne. Mwenzangu wa meza ya kukunjia mashuka ndiye aliyenivisha. Ana mkono mzito, alinichana nywele kama anasugua sufuria, lakini alikuja kila siku. Kila mlango ulipofunguliwa niliangalia kwanza kama ni wewe.

Sasa naweza kuinua mikono. Kovu ni refu, kutoka kwapa hadi karibu na kiwiko, na bado ni bichi. Lakini mkono ni mwembamba, mama. Nimejipima mara tatu ili nisikose. Uzi huu hapa. Lishike fundo la tatu uone lilivyosogea. Nishonee gauni la mikono mifupi, iliyobana. Nataka kutoka nalo, watu waione mikono yangu.

Kitindamimba wako.


Julai 15

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na pole kwa maumivu.

Gauni hili hapa. Nimelikata mwenyewe na kulishona mwenyewe, hakuna mwingine aliyeligusa. Limenichukua wiki tatu, kwa hiyo usiseme mama yako amelipua kazi. Rangi ni ile uliyoipenda tangu utoto, niliulizia dukani mara mbili kuwa na hakika. Uzi wako mpya nimeutundika kwenye msumari wa peke yake.

Mama yako.


Agosti 9

Mama,

Shikamoo.

Nimelivaa gauni mbele ya kioo, nikalivua. Mikono yake imefika kwenye kiwiko, na ni mipana kiasi kwamba wangu unaelea ndani. Nimeipima. Ni kipimo changu kilekile cha zamani, hukupunguza hata upana wa kidole. Na mishono imepinda, wewe uliyekuwa unafumua sare nzima kwa sababu ya tundu moja la sindano.

Naelewa. Uzi wangu hukuutazama. Kwako mimi ni yule wa kuchekesha wateja, na hata nikatwe hutaki kuniona vingine. Usinishonee tena. Na usiniandikie.


Novemba 1

Mwanangu,

Umesema nisiandike, nami nimekaa karibu miezi mitatu. Natumai mikono imepona kabisa. Leo sitasema mimi mzima.

Ni ugonjwa wa sukari. Ulianza na macho. Mwaka jana nilikuwa naona nikikaza, mwaka huu jicho la kulia likazima, la kushoto linaona mwanga wa mlangoni basi. Daktari amesema kilichoondoka hakirudi. Sare hazikuwepo. Sijapokea kazi ya mtu tangu Januari, na ule mguu niliosema uko kwenye mashine ulikuwa juu ya kigoda. Ningekuja kukuvisha vipi, mimi ninayevaa gauni nje ndani hadi jirani aniambie? Nilijua nikisema ukweli utaghairi upasuaji urudi kunitunza. Nikaona afadhali unikasirikie.

Uzi wako niliushika. Nilijua vidole vitafanya kazi ya macho. Lakini sukari imefika na huko, ncha za vidole zimekufa ganzi. Fundo la bega nililipata. La pili nikalipata. La tatu nililitafuta siku mbili, nikidhani ninalo, linapotea. Ningemwomba jirani aniwekee kidole pale, lakini kumwambia mtu kwamba fundi hajui tena kusoma uzi wa mwanawe, hilo lilinishinda. Nikakata kwa kukumbuka. Na mkono ninaoukumbuka ni ule mnene, niliokuwa nikiushika kuvuka nao barabara hadi siku uliyoondoka.

Jambo jingine. Barua yako ya Aprili alinisomea mwenye duka la dawa. Alipofika kwa wale wateja watatu akanyamaza. Nikamwambia, "Soma." Akasoma. Nikayasikia maneno yangu kwa mdomo wa mtu mwingine, nimekaa mbele yake, sina pa kuficha uso. Ndipo nikajua siku ile ulikuwa umesimama wapi. Mimi nililisema nikalisahau kabla ya chakula cha jioni, wewe ukalibeba miaka yote hiyo. Hilo linaniuma kuliko macho.

Mama yako.


Novemba 17

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kazini, nimekaa sakafuni kati ya vikapu vya mashuka, hadi msimamizi akaja kuuliza nani amekufa. Nisamehe kwa niliyoandika Agosti.

Nimepewa ruhusa ya siku kumi. Nafika Desemba tarehe tisa. Usipike, usitoke kunipokea, kaa hapohapo ulipo. Nitavaa gauni lako.

Kitindamimba wako.


Januari 8

Mwanangu,

Natumai umefika salama na kazi imekupokea vizuri. Mimi naendelea, dawa nakunywa, na miguu bado inavimba. Umeniogesha na kunivisha siku kumi. Nilikuwa nakaa kitandani ukinifunga vifungo, nawaza kwamba kazi hii nilipaswa kukufanyia mimi.

Siku ile nilipokuomba mkono nikasema umependeza, nilikudanganya. Vidole havikusikia kitu. Ndipo nikainama nikauweka shavuni. Kumbe shavu bado linasikia. Lakini lilikutana na kitambaa. Nikakwambia pandisha mkono wa gauni, ukasema kuna baridi. Baridi ipi, mwanangu? Muda wote tulikuwa tunajipepea. Mwishowe ukapandisha, nikalipata kovu, nikalifuata kwa shavu taratibu kutoka kiwiko kwenda juu. Limenyooka. Mwambie daktari wako kuna fundi amemsifu.

Ila nilijua. Ngozi ameiondoa, neno langu hakulifikia. Unajificha hata kwa mama asiyeona.

Basi nimefanya hivi. Jumamosi nilimwomba jirani anitolee benchi mbele ya duka. Wale watatu siwakumbuki ni akina nani, kwa hiyo nilimwambia kila aliyesimama kunisalimia. Nikasema nilimcheka mwanangu mbele ya wateja kwa ajili ya mikono yake, na kwamba nilikosea. Wengine walidhani akili imenitoka. Mama mmoja alikaa kando yangu muda mrefu.

Nakuomba kitu kimoja. Fumua mikono ya lile gauni.

Mama yako.


Februari 2

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuvimba na dawa huziruki. Mimi sijambo.

Nilikaa na barua yako wiki mbili kabla ya kuchukua wembe. Nilianza na mkono wa kulia. Ulikuwa umeshona mara tatu palepale, bila shaka hukuwa na hakika kama umeshapita, na kufumua kulinichukua asubuhi nzima. Nililia, mama. Ndiyo kazi yako ya mwisho, na mimi naikata.

Jumapili nililivaa nikatoka, nikatembea barabara nzima, kovu lote nje. Jumatatu nilikunja mikono ya sare hadi juu kama wenzangu. Yule wa meza ya kukunjia akatazama, akasema, "Lilikuuma sana?" Nikamwambia ndiyo. Akanishikisha ncha ya shuka tukaendelea kukunja.

Nilitaka uwe wa kwanza kuiona mikono yangu. Hutaiona. Hilo halitapona, na sitakwambia vingine.

Namjua anayekusomea. Shikamoo, mwenye duka la dawa. Ukifika hapa usinyamaze, soma na mlango ukiwa wazi. Mimi ni binti wa fundi. Mikono yangu ilikuwa minene, ikalegea, sasa ina makovu. Aibu bado ninayo, lakini siifuniki kwa nguo tena.

Ndani ya bahasha, mama, nimeweka vile vipande viwili nilivyofumua. Sijavifua. Viweke shavuni. Ni kipimo cha mkono ule uliokuwa ukiushika kuvuka nao barabara, nimekurudishia ukae nao.

Kitindamimba wako.