Theluji ya Arvid

Duluth, Minnesota

Dada Verna mpendwa,

Mguu wangu umepona, na asubuhi hii nimeoka mikate ya mdalasini sinia mbili.

Arvid wangu aliitengenezea tovuti klabu yake ya wavuvi wa barafuni, lakini kila akiifungua, kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kinajifunga chenyewe. Kivinjari hicho ndicho anachotengeneza binti yetu Karin na wenzake kule Seattle. Unajua yeye na baba yake walikuwa hawasemeshani tangu ahame. Basi mzee akampigia.

"Kivinjari chenu kibovu."

"Tovuti yako ndiyo mbovu, Baba. Tufute kitu kimoja kimoja mpaka tumpate mkosaji."

Ndivyo wanavyofanya kazini kwao. Siku tisa wamepigiana simu, wakifuta picha za samaki na ramani ya ziwa, hadi ikabaki theluji inayodondoka kwenye ukurasa, pambo la Arvid. Kumbe aliweka chembe laki tatu.

"Baba, hiyo si theluji, ni dhoruba."

"Na wewe mtoto wa Duluth unatengeneza kivinjari kinachoogopa dhoruba?"

Karin alicheka sana, akakubali kosa, akakirekebisha kivinjari.

Jana nimemkuta Arvid na simu, kafungua spika. "Bado kinajifunga," anamwambia. Mbele yake ukurasa uko wazi, theluji inadondoka vizuri kabisa.

"Hata huku kwangu kinajifunga, Baba," Karin akajibu. "Kesho nitakupigia tuanze upya."

Waongo wote wawili, dada, na mimi sisemi kitu.

Mdogo wako,
Elna