Fedha ya Ng'ombe Ilivyokataliwa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini ulinilea nisianze neno na wewe kabla ya salamu.

Nakuandikia kutoka chumbani kwangu Kalangalala, hapa Geita. Mama hajambo, ila goti. Kampuni ya uchorongaji wa miamba niliyokuwa nikiipikia imefunga kambi, nyingine imeniita jikoni kwake. Wenzangu wametoa akiba zao zote za uzeeni, wamekwenda Nyarugusu kununua hisa za mashimo ya dhahabu. Wanasema Mfuko wa akiba umegeuzwa kuwa wa pensheni, na pensheni ni ya watakaofika uzeeni. Mimi wananiita mwoga.

Si woga. Nilikukumbuka wewe.

Ulipopunguzwa kwenye kiwanda cha pamba, ulitoa akiba yako ukanunua ng'ombe, kama Msukuma yeyote mwenye akili. Baadaye yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa akakuajiri ulinzi, makato yakaanza upya, ndipo ukasikia habari za pensheni. Ukauza ng'ombe watatu mnadani, ukavaa koti lako la harusi, tukaenda mjini ukarudishe ulichotoa ili miaka ya kiwandani ihesabiwe. Kwako Mfuko ulikuwa kama jamaa uliyemwekesha ng'ombe: ukiwa na shida unachukua, ukipata unarudisha, na undugu uko palepale.

Karani wa dirishani alikuwa mpole. "Mzee, sisi tunapokea makato ya mshahara tu, yale yanayokatwa kabla ya kodi. Fedha ya ng'ombe hatuna pa kuiweka. Na miaka uliyokwisha kuichukua hairudi."

Ukamjibu, "Haya, wabeja," ukamshukuru kana kwamba amekupa kitu. Ukairudisha fedha mfukoni mwa koti, tukarudi nyumbani Ibadakuli. Iliniuma, Baba. Inaniuma hadi leo.

Ulipotutoka, miaka ya ulinzi peke yake haikutosha pensheni. Mama alipewa mkupuo mdogo, ukaishia kwenye matanga.

Kwa hiyo yangu nimeiacha hukohuko, iendelee na mwajiri mpya. Nilipomweleza Mama, akaniuliza, "Sasa huyo ng'ombe wa serikali atazaa lini?" Nikamwambia labda nikiwa na mvi. Alicheka, Baba! Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka.

Nawe usijilaumu huko uliko. Yule mtamba wa madoa uliyemnunua kwa fedha iliyokataliwa amezaa. Mama anakamua kila asubuhi, anakunywa, anauza, hata na goti lake hilo.

Nakuahidi sitaigusa akiba yangu, hata wenzangu wakirudi na dhahabu shingoni. Na yule wa madoa hatauzwa. Siku nitakayostaafu nitavaa koti lako, litanipwaya, niende kwenye dirisha lilelile. Wataita jina langu, na la kwako nyuma yake.

Nitaitika kwa ajili yetu wote wawili. Pumzika, Baba. Wabeja.

Mwanao,
Kabula