Tembe Niliyoijenga Chuo Kikuu

Ulemo, Iramba
Juni 1975

Kwa mdogo wangu Gaspari,

Pokea kwanza salamu za kaka yako, kabla hujapokea mengine yaliyomo humu. U mzima? Mkeo Esta na watoto hawajambo? Kile kifua chako na joto la Pwani vinapatana? Sisi huku tunaamka. Shemeji yako Dorkas anakusalimu. Mtama tumevuna, uwele ndege wamekula sehemu yao. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa elimu ya watu wazima anasema katika wazee wote wa kijiji hakuna anayenishinda kwa herufi, na wengine hata kalamu wanaishika kama mpini wa jembe. Kwa hiyo ukiona mstari umepinda, jua ni meza.

Nimekumbuka siku zile za mwaka jana nilipokuwa kwako chuoni. Wewe umeyazoea yale majengo, lakini mimi niliyaona kwa macho ya fundi. Ulinitembeza Jumapili moja ukanieleza kila jengo na historia yake, maana uliingia pale kibarua wa kuchimba misingi, miaka miwili baada ya Uhuru, kilima kikiwa pori na mikorosho. Ulinionyesha mabweni, ukasema yamepangwa yaupokee upepo ili wanafunzi wasiive. Nikakuambia hilo hata marehemu baba alilijua, ila huku upepo wetu ni wa baridi na vumbi, ndiyo maana tunaupa mgongo. Ukanionyesha maktaba na vile vibao vya zege vilivyosimamishwa madirishani kuzuia jua, na kuta za matofali yenye matundu kama sega la asali. Hizo nilizipenda, sikukuambia. Tulipofika kwenye jengo lililopandishwa juu ya nguzo, watu wanapita chini yake, nilisema aliyelijenga alisahau kuta. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Na katikati ya majengo yote hayo mimi Lazaro Kitundu nikasimamisha tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo. Mwalimu Prabhudas, yule mtoto wa mwenye duka wa Singida mjini, alitaka wanafunzi wake wa majengo waone na nyumba za nchi hii, si za Ulaya tu. Ulipokuja likizo uliniambia kwamba chuo kikuu kizima hakuna anayejua kufunga paa la udongo, na kwamba wananitaka mimi. Nikasema wamechelewa, lakini nitakwenda. Nguzo za panda nilizichagua porini mwenyewe. Boriti nilizichonga kwa tezo langu. Wanafunzi waliletwa kukanyaga udongo, wengine na viatu, nikawavua viatu wote, hata yule aliyesema baba yake ni mkubwa wizarani. Nilimwambia udongo haumjui baba yake.

Nilipomaliza nilitaka kurudi. Ukasema Prabhudas anataka na zizi. Nikajenga zizi, ng'ombe hakuna. Nikataka kurudi, ukasema sasa wanataka na kihenge cha nafaka. Kila jioni ulikuja na birika la chai ukaniambia watu wamesimama wakaitazama nyumba, na profesa fulani amesema katika maisha yake hajaona paa kama lile. Nililala nimeshiba maneno yako.

Niliporudi Novemba, unajua nilichokikuta. Nyumba aliyoijenga baba, nikaiongeza mimi, imelala chini, na mtaa mzima umehamishiwa barabarani kwenye kijiji cha Ujamaa. Nilionyeshwa kibanda cha nyasi katika safu ya vibanda, nikaambiwa ndicho chetu. Dorkas alisema mgambo walikuja ghafla na lori. Sikumlaumu mtu. Nilisema tu kwamba laiti Lazaro angekuwepo, hakuna ambaye angegusa boriti, shoka langu lingesema naye. Nililisema hilo kisimani, nikalisema kilabuni, nikasimama nikalisema mkutanoni. Kisha niliwasimulia kwamba huku wamenibomolea, lakini kule maprofesa wanakuja kujifunza kwangu. Watu walinisikiliza, Gaspari. Kwa maneno hayo niliweza kulala katika kile kibanda.

Wiki iliyopita nilikuwa nikimsimulia hivyo Alute, balozi wetu wa nyumba kumi, tukinywa pombe ya mtama. Akacheka kicheko kibaya. Akasema mzee, wewe hukuitwa na maprofesa. Fahali mkali hutolewa zizini kwa kuonyeshwa chumvi, ndipo zizi lifagiwe. Nikamwambia amelewa. Akasema haya, nenda kamuulize mama watoto.

Nilimuuliza. Dorkas alikuwa anasonga ugali, wala hakuacha kusonga. Akasema ni kweli. Ulipokuja likizo, habari ya kuhamishwa ilikwisha kumfikia Alute kwa siri, na mlikaa watatu nyuma ya kanisa, wewe, yeye na Alute. Mkakubaliana kwamba mimi nikiwepo nitampiga mtu shoka, kisha nitafungwa au nitauawa. Ndipo ukaenda kumwomba Prabhudas anichukue. Lile zizi na kile kihenge hakuna aliyevitaka. Ulikuwa unangoja habari kwamba kazi ya huku imekwisha. Dorkas akasema kama nina hasira nimkasirikie, yeye anamtaka mume mwenye hasira aliye hai. Kisha akapakua chakula, nami nikala, maana njaa haijui aibu.

Kuhusu shoka, labda mlijua mnachosema. Sitaongeza neno hapo, na usinilazimishe. Hata nyumba, nyumba nimejenga nyingi. Lakini wewe ulijua kwamba Lazaro hasukumwi, hatishwi, ila akisifiwa anakwenda. Mtu mwingine angenikamata mkono. Wewe ulinisifu. Sasa kila neno lililokuja na ile chai nalinusa kama maziwa yaliyokaa juani. Yule profesa yupo? Watu walisimama kweli, au walikuwa wanapita kwenda kula? Tangu siku hiyo sijaitaja tembe ile mbele ya mtu. Majirani wanadhani naumwa. Juzi mwalimu aliniomba niwaeleze wenzangu darasani habari za chuo kikuu, nikasema nimesahau. Mimi, Gaspari, nilisema nimesahau.

Msalimie Esta, na watoto waambie baba yao mkubwa yupo. Msalimie na Mwalimu Prabhudas, yeye sina neno naye. Likizo usije mpaka nikuite. Wala usiniandikie kuniomba radhi, au kunieleza kwamba ulifanya kwa kunipenda, hayo Dorkas ameyasema vizuri kuliko utakavyoweza. Udongo wa kule una mchanga mwingi na mvua yake si kama yetu. Mimi nilichanganya majivu na samadi kwa kukisia tu, na sikumwambia mtu. Masika sasa yamepita. Nenda usimame ndani ya nyumba ile peke yako, utazame juu, ushike kuta kwa kiganja, kisha uniandikie jambo moja: paa lilivuja, au halikuvuja. Kama lilivuja, sema lilivuja.

Ni mimi kaka yako,
Lazaro Kitundu, fundi