Ukifungua, Foto Zitaungua

Kolwezi, mwezi wa tatu 1993

Kwako Yaya Elise, dada yangu mukubwa, kule Kasaji,

Jambo sana, Yaya. Kwanza nakuuliza afya: mugongo inaendelea namna gani? Na kifua ya shemeji, mvua haiisumbue tena? Sisi huku tuko tunapumua, Mungu asifiwe. Batoto beko bazima. Joyeuse meno ya mbele imemutoka, na anachekea batu bote bila haya.

Barua yako ilifika. Niliisoma mpaka mwisho, kiisha nikaisoma tena juu nilizani nimesoma mubaya. Unasema nimupeleke muke wangu Ntumba ku gare ya treni pamoja na Bakasai benzake, na batoto babakie hapa, juu batoto ni ya ukoo yetu. Nitakujibu. Lakini uniache kwanza nikuelezee vile mambo imepita. Unanijua, mi siwezi kuanza hadithi na mukia.

Kazi yetu unaijua: mi napiga foto mbele, Ntumba anazisafisha nyuma, mu chumba ya giza. Zamani batu balikuwa banakuja na nguo ya misa, banasimama wima kama nguzo ya umeme, nami nabaambia bacheke. Nilizani foto njo ile. Kumbe sikujua kitu.

Tangu balianza kufukuza Bakasai huku Katanga, barudie kwao Kasai, batu banakuja kuniita niende ku manyumba. Bengi banalala ku gare banangojea treni, na treni haikuje, na nyumba haibebeke ku kichwa. Basi Mama Simone, ule mwenye kuuza mandazi hapa ku kona, aliniomba foto ya mbabula yake, ile jiko ya makala. Si yeye, mbabula! Nikamutania, nikasema Mama, mbabula haijui kutabasamu. Hakucheka. Aliiweka pa kizingiti, pale anaiwashaka kila asubui, akasema niipige na majivu yake ndani. Kiisha Tata Tshibangu, alikuwa karani ku mugodi, akataka foto ya ukuta ya chumba ya kulala, pale alikuwa anapima urefu ya batoto yake na kipande ya makala ya mbabula. Nilipiga ile mistari moja moja. Yaya, miaka yote nilikuwa natafuta uzuri ku batu bamevaa, na yenyewe ilikuwa pale mu majivu. Sasa naangalia hata sufuria yetu ya kusongea bukari kama mugeni mwenye anaiona mara ya kwanza.

Siku ya ine ya juma hii, bijana bakakuja. Mapanga mu mikono, bitambaa byekundu ku kichwa. Ntumba alibasikia banaimba mu barabara, akaingia mu chumba ya giza akafunga. Batoto, namushukuru Mungu, balikuwa ku jirani. Bale bijana bakaniambia nibapige foto kwanza, mapanga juu, banataka ukumbusho. Nikabapanga, bafupi mbele. Mi mwenyewe nilimuambia mumoja ainue kidevu kidogo! Mikono ilikuwa inafanya kazi peke yake.

Kiisha bakauliza kilulu yangu iko wapi. Njo jina banabaitaka nayo Bakasai siku hizi, kilulu, mududu. Nikasema alishaenda gare. Hawakuamini. Bakapindua kitanda, bakafungua kabati, bakatupa nguo ya batoto chini. Mumoja akafika ku mulango ya chumba ya giza, akashika kitasa.

Hapa kwetu kila mutu anajua ile mulango haifunguliwe wakati foto iko ndani, juu mwangaza inaiunguza. Nikasema: "Foto yenu iko mule. Ukifungua, zitaungua zote."

Ilikuwa bongo, uongo mutupu. Filme ilikuwa ingali ndani ya kamera, na kamera ilikuwa inaning'inia hapa ku shingo yangu. Mutu mwenye kujua kazi angeona mara moja. Ule kijana akaangalia kamera. Akaniangalia mi mu macho. Mukono haikutoka ku kitasa. Nilijua Ntumba eko nyuma ya ule ubao amejifunga kinywa. Kiisha akabageukia benzake, akasema: "Anasema kweli. Zitaungua." Bakatoka. Bakasema batarudia Jumamosi, siku ya posho, kuchukua foto yao.

Sasa Yaya, ukae chini. Ile mukono ku kitasa ilikuwa ya Louis, mutoto wako. Louis mwenye ulitutumia asome huku, alilala kwetu, alikula kwetu, na Ntumba njo alimufundisha kusafisha foto mule ndani. Alijua filme iko wapi. Alijua na nani eko nyuma ya mulango.

Kesho yake alirudia peke yake muchana, bila kitambaa. Alikaa chini pa kizingiti akalia. Nilikuwa na hasira, nilitaka kumupiga. Nikamuuliza nani alibaleta bale batu kwangu.

Akasema: "Mama njo alinituma."

Asema ku Noeli ulimuambia asaidie ule mwanamuke atoke ku nyumba ya mujomba wake. Yeye alizani batamuogopesha tu, aende gare. Kiisha mu barabara akasikia vile benzake banasema batamufanyia, roho ikamuruka, lakini maji ilikuwa imeshamwangika.

Wewe njo ulinilea, Yaya, kwa hiyo nakuambia wazi: nimekukasirikia kama sijamukasirikia mutu. Ntumba simutoe. Kesho tunaenda gare bote, mi, yeye, na batoto, na treni ya Kasai ikikuja tutapanda. Kule batanicheka, Mukatanga anafuata nini. Acha bacheke.

Nilitaka kutupa foto ya bale bijana. Ntumba akakataa. Asema bakizikosa, batamuuliza Louis juu ya nini alisema vile. Basi aliingia mwenyewe, akasimama juu ya maji ya dawa akingojea sura zao zitoke moja moja. Alizisafisha muzuri kabisa. Nimeziacha ku jirani, bazichukulie kule.

Musalimie shemeji na batu ya kanisa. Joyeuse anakutumia busu. Barua hii nimemupa Louis akuletee, kwa hiyo wakati unasoma hapa eko mbele yako anasimama. Ntumba anakuomba kitu kimoja tu: usimuulize neno kabla hajakula.

Ni mi ndugu yako mudogo,
Mbayo