Chumba cha Barafu cha Meli Yenu

Baba yangu,

Daktari Mhindi, yule mtaalamu wa bahari wa meli yenu, alikuja jana hapa nyumbani Matrah, kando ya Maskati. Mimi sikutaka aingie. Lakini Ami Khalfan, nduguyo, alikwishamkaribisha, na sinia ya halwa ilikwishatandikwa. Mama bado yuko edani, kwa hiyo alikaa nyuma ya pazia, nami nikawekwa katikati kufasiri. Kazi yako hiyo ya melini, nimeirithi bila kuombwa.

Ngoja nikwambie kwa nini sikutaka.

Siku walipokuteremsha bandarini, Ami ndiye aliyekuosha. Ulikuwa jiwe, Baba. Ilibidi wakumiminie maji ya uvuguvugu na kusubiri, na kusubiri tena, mpaka viungo vikalegea. Ami, ambaye hulia hata harusini, alitoka na macho makavu, mikono kaificha kwapani. Akanivuta kando. "Kawekwa na samaki, mwanangu. Harufu nnaisikia mpaka saa hizi. Mamaako asijue."

Mama alipokugusa paji la uso alishtuka. "Baridi gani hii?" Nikajibu haraka kwamba ndiyo baridi ya bahari mlikokuwa. Nilikuibia maneno yako. Ni wewe uliyetueleza, tumelala juu ya paa na Matrah yote inatokota, kwamba kusini kwa nchi hii upepo wa kiangazi husukuma maji ya juu yakaenda mbali, na maji baridi ya chini kabisa yakapanda, yamejaa chakula, samaki wakaja kwa wingi wa ajabu. Mama akasema joto limekupanda kichwani. Ukaapa kwamba ulitia mkono ukautoa mbio.

Ulikuwa na furaha ambayo hatukuiona tangu tutoke Unguja. Mwalimu aliyefika Maskati bila shule ya kufundisha alikuwa amepata tena watu wa kubishana nao. Ulinihadithia jinsi Mrusi na Mmarekani walivyoshika waya mmoja kuteremsha chupa za kupimia maji, na huku serikali zao hazisemezani. "Wakigombana, wanagombania chumvi ya maji," ulisema, ukacheka mpaka ukakohoa. Sisi tulitoka mtaa ambao majirani wake waliacha kuitikiana salamu. Nilielewa kwa nini jambo kama lile lilikufurahisha.

Halafu waya huohuo ukakatika, ukakupiga kifuani.

Tangu hapo, Mama akifungua kinywa ni swali lilelile: maiti haicheleweshwi, sasa njia nzima ile walimweka wapi? Aliapa kwamba hatawawia radhi watu wa meli mpaka ajue. Mimi nikisema sijui. Ndiyo maana nilimwogopa Daktari. Nilikuwa nimekwishaamua kwamba Mama akimuuliza, nitafasiri uongo.

Akamuuliza. Mgeni hata finjani hajaiweka chini.

Daktari aliinamisha kichwa, akasema polepole. Bahari ilichafuka, pwani ile haina pa kutia nanga, na nahodha alitaka wakuzike majini. Wataalamu walikataa, wote, wa kila nchi. Chumba cha barafu kilikuwa kimoja tu, kimejaa samaki na majani ya baharini ya msimu mzima, vitu ambavyo wenzao makwao walikuwa wakivisubiri. Wakavitupa, Baba. Vyote. Wakakisugua chumba kwa sabuni, harufu ikakataa kutoka, lakini walikulaza humo peke yako. Na kwa kuwa uliwahi kuwaambia kwamba Mwislamu hulazwa akielekea Makka, kila meli ilipogeuza njia, Mrusi na Mmarekani waliingia mle wakakugeuza na wewe. Hawakujua kwamba hilo ni la kaburini. Walikugeuza hivyo mpaka Maskati.

Nilifasiri neno kwa neno. Sikuongeza wala kupunguza.

Mama alilia sana. Kisha akasema, "Mwambie wamemsitiri mume wangu. Nimewawia radhi, dunia na akhera." Na jana alilala, kwa mara ya kwanza.

Mimi sikulala. Nilimsindikiza Daktari mpaka mlangoni, na pale aliniambia jambo ambalo sikulifasiri. Meli hairudi tena. Wakubwa zao wamekasirika kwamba msimu mzima umetupwa, kila mmoja ameitwa kwao, na ushirika wao umevunjika. Aliyasema hayo bila kinyongo, akavaa viatu vyake akaenda zake.

Nakujua wewe, Baba. Ulinifokea siku nilipogusa kichupa kimoja tu ulichokuja nacho, eti kuna watu katika nchi nne wanakingoja. Nimekaa usiku kucha nikikusikia unavyowafokea wale wenzako wa melini. Najua ungewaambia nini. Nimekasirika nawe kwa hilo, na nimekulilia kwa hilohilo.

Mungu akulaze pema na akupe kauli thabiti. Kaburi lako ni la mawe matupu, lakini liko karibu, na Mama akitoka eda nitampeleka kukuzuru. Anaamini kwamba ulitaka kurudi kwetu. Nakuahidi, hatasikia kwangu kwamba ungechagua wewe uachwe majini, samaki wale wafike.

Mwanao,
Zuwena