Kiroboto, Mji Huu Hapa

Mwaka umezunguka ukarudi palepale, Kiroboto, tangu asubuhi ile ya Jumatano ukuta wa darasa ulipokuangukia katika nchi ya watu. Mama yako alishika kalamu mara mbili, akaiweka. "Andika wewe, Mama," akaniambia. "Wewe ndiye uliyekuwa ukizungumza naye."

Ni kweli. Na hapo ndipo panaponiuma.

Jina la Kiroboto nilikupa mimi, kwa sababu hukuweza kukaa. Ulikula umesimama, ulisoma ukitembea, na shangazi yako alikuwa akisema chakula chako chote kimeshukia miguuni. Ulimfundisha kusoma fundi cherehani wa jirani, mama wa miaka hamsini na ushee, kwa majina ya wateja uliyokuwa ukimbandikia kwenye nguo. Siku hizi anasoma mpaka maandishi ya kwenye sabuni, tena kwa sauti. Hatupumziki, mke mwenzangu.

Ulipohitimu chuo ukapata ile nafasi ya vijana: miaka miwili kufundisha katika nchi nyingine, nao watume vijana wao kwetu, ili watoto wajuane wangali wadogo. Uliomba kopo langu la vifungo ukawafundishie kuhesabu. Nikakupa, nikabaki na kifungo kimoja cha koti la babu yako.

Kwenye semina waliwaambia kwamba miezi mitatu ya mwanzo mgeni atazame, asikosoe. Uliponisimulia nikafurahi sana. Nikakushika mkono pale mlangoni, sanduku liko chini, nikasema: "Wamesema kweli. Mgeni mwema hahesabu nyufa za mwenyeji wake." Ukaitikia, "Sawa, Bibi." Ulikuwa mtoto wa kusikia. Laiti ungekuwa mkaidi!

Kila Jumamosi jioni ulipiga simu. Hujambo sijambo ikiisha, tunaingia kwenye mchezo wetu. Na mimi, kila mtu katika nyumba hii anajua, tangu usichana wangu sijawahi kumpa mtu mji. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji ndipo aambiwe jibu. Mimi sitoi. Nitakaa na kitendawili wiki nzima, nitakipika, nitakifua, mpaka kiseme.

Mwezi wa pili ukatega: "Nina mdomo usio na meno, kila wiki unapanuka."

"Shangazi yako huyo!" nikasema. Shangazi yako alikuwa papo hapo, akanirushia kanga. Tukacheka wote, ila sasa nikikumbuka, wewe ulicheka kidogo.

"Siyo, Bibi. Nipe mji."

"Thubutu!"

Wiki iliyofuata: "Unga unaanguka, na hakuna anayesaga." Nikasema mba. Nikasema vumbi la chaki. Ukasema nimekaribia, nipe mji. Sikutoa.

Cha tatu nakumbuka kila neno. "Bibi, kitendawili."

"Tega."

"Jana alinipisha, leo hanipishi. Yeye hajanenepa, nami sijanenepa."

Nikaanza kukipika. Ukasema, "Bibi, leo nipe mji tu." Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyechoka. Mimi nikadhani una haraka. Nikasema, "Sikupi. Ngoja Jumamosi, nitakuja na jibu langu mkononi."

"Haya, Bibi. Jumamosi."

Zilikuwa zimebaki siku tisa miezi mitatu itimie.

Majibu niliyapokea kaburini. Mwenzako wa chumba, yule msichana mgeni wa nchi ya tatu aliyepangiwa shule ileile nawe, na aliyekusindikiza nyumbani, ndiye aliyenieleza, kwa Kiswahili ulichomfundisha wewe. Mdomo usio na meno ni ufa, ulioanzia dirishani ukapanda mpaka darini. Unga ni lipu. Aliyekataa kukupisha ni mlango wa darasa, uliokuwa umebanwa na jengo lililokuwa likilala upande. "Alikuwa anakuambia wewe, Bibi," akasema. "Kuwaambia wengine aliogopa ni ukosefu wa adabu."

Mlango ule uligoma Jumatano. Uliupiga teke ukafunguka nusu, watoto wakapita mmoja mmoja. Ishirini na tisa. Wa thelathini ulikuwa wewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo niliisoma darasa la pili, nikapata vema zangu zote.

Mwenzako alirudi huko kumalizia miaka yake miwili, na simu ya Jumamosi akakurithi. Anafundisha katika jengo la pili la shule ileile, lile lililobaki. Jumamosi ya juzi akapiga, akasalimia, akasita. Kisha akasema polepole, "Bibi, kitendawili."

Nikasema, "Usitege. Mji nimeshakupa. Sema jibu."

"Mlango, Bibi. Wa darasa la tatu. Tangu Alhamisi ni mgumu."

"Watoto watoke humo."

"Mwalimu mkuu atasema sisi wageni tuna woga."

"Mwambie mwoga ni bibi yako. Mwambie kuna kikongwe ng'ambo hajalala vizuri mwaka mzima. Akitaka kucheka, acheke."

Hadi ninapoandika haya watoto wanasomea uwanjani, kwa vifungo vyangu. Fundi wa kulikagua jengo hajaja. Jengo limesimama, na mwalimu mkuu anacheka kwelikweli. Naomba aendelee kucheka hivyohivyo, aonekane mwenye akili kuliko mimi. Lakini kila simu ikilia siku isiyo Jumamosi, mama yako anatoka nje, na mimi nashika kile kifungo cha babu yako kabla ya kupokea.

Wazazi mnaosoma hapa, na nyinyi vijana mnaofunga masanduku: lile neno nililolisema mlangoni nalifuta mbele yenu. Mgeni azihesabu nyufa. Azihesabu kwa sauti, siku ya kwanza.

Unakumbukwa na mama yako. Na baba yako, ambaye sasa hugonga kuta za kila nyumba anayoingia. Na shangazi yako mwenye mdomo. Na wadogo zako wawili wanaogombania daftari zako. Na fundi cherehani, ambaye ataisoma karatasi hii kwa sauti mtaa mzima usikie. Na mwenzako wa chumba aliye huko bado. Na mimi bibi yako, mke mwenzako.

Nimeshindwa, Kiroboto. Mji huu hapa: chukua huu wetu, wote, na barabara zake na nyumba hii na kiti changu cha simu. Nilichelewa kukupa. Maadamu tuna pumzi, hatutakusahau.